Kamera inakagua chumba, njia inasomwa na nani?

Mtu wa kwetu akifika Marekani akataka kusomea uuguzi, uhasibu au kompyuta, mara nyingi hukuta somo moja limekaa mlangoni: College Algebra. Ni somo la mwaka wa kwanza, kwa kawaida la krediti tatu, na siku hizi vyuo vingi vya miaka miwili hulifundisha mtandaoni. Yaliyomo hayamtishi aliyemaliza kidato cha nne: milinganyo, grafu, vipeo, logi, matriksi kidogo. Kwa hiyo watu hujiandikisha wakitembea kifua mbele. Baada ya wiki chache wananipigia simu.

Wananipigia kwa sababu nililipita somo hilo huku nikifanya zamu za usiku kwenye makao ya wazee, na kwa sababu hesabu sijawahi kuichukia. Ninachowaambia wote ni kimoja: algebra unaiweza. Kinachokukwaza ni kwamba katika kozi hii hakuna anayesoma njia yako: kompyuta inasahihisha jibu la mwisho tu, lile unaloliandika kwenye kisanduku cha skrini.

Aliyefanya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne Kenya, atakumbuka maagizo yaliyo mbele ya karatasi ya hesabu. Onyesha hatua zote. Alama zaweza kutolewa kwa njia sahihi hata jibu likiwa si sahihi. Msahihishaji ana M1 zake za njia na A1 za jibu, na mtoto aliyekosea kutoa kwenye mstari wa mwisho hapotezi kazi yote aliyoifanya juu yake. Walimu wetu walikuwa wakali kwa hilo. Jibu likikaa peke yake kwenye daftari, hata kama ni sahihi, unaulizwa umelitoa wapi.

Sasa chukua swali la kawaida kabisa la kozi hii: log₂ x + log₂ (x − 2) = 3. Unaunganisha logi mbili ziwe moja, unapata x(x − 2) = 8. Unafungua mabano na kuhamisha: x² − 2x − 8 = 0. Unatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −8 na zikijumlishwa zinatoa −2, unapata (x − 4)(x + 2) = 0. Basi x ni 4 au −2. Imebaki hatua moja: kukumbuka kwamba namba hasi haina logi katika somo hili, kwa hiyo −2 inatupwa. Jibu ni 4.

Mwanafunzi aliyefanya yote hayo akasahau kuitupa −2, anaandika majibu mawili kwenye kisanduku na anapewa alama nyekundu. Sifuri. Mwingine ameketi na kikokotoo akijaribu 3, kisha 4, akaona inakubali, anapewa alama ya kijani. Kwa kompyuta huyu wa pili ndiye anayejua logi. Mimi ningempa wa kwanza sehemu kubwa ya alama na kumnong'oneza neno moja tu, na asingerudia kosa hilo.

Tena kuna uandishi wenyewe. Kwetu, x ndogo kuliko au sawa na 3 tuliichora kwenye mstari wa namba, kidoti kimejazwa, mshale unaelekea kushoto. Huku wanataka (−∞, 3], na ukikosea mabano ya mwisho ukaweka ya mviringo, umekosa swali zima. Mstari mnyoofu tulioujua kama y = mx + c huku ni y = mx + b. Andika 0.33 badala ya 1/3 uone. Hayo yote hujifunzwa kwa siku mbili tatu, lakini mama mwenye watoto watatu aliyefungua kazi saa sita za usiku hajui kama amekosea hesabu au amekosea mabano. Anahitimisha kwamba hajui hesabu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Halafu kipo kile kitufe cha kukuonyesha mfano. Unakwama, unakibonyeza, unaletewa swali lile lile lenye namba nyingine, limefanywa hatua kwa hatua. Unabadilisha namba, unajaza, kijani. Kazi za nyumbani unaweza kupata asilimia 98 kwa mtindo huo. Siku ya mtihani kitufe hakipo.

Na mtihani wenyewe! Kabla ya kuanza, kozi nyingi hutaka uwashe kamera, uonyeshe kitambulisho, uzungushe kompyuta chumba kizima, hadi chini ya meza. Huko Ohio jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua mwaka 2022 kwamba Cleveland State University ilivunja Katiba kwa ukaguzi wa aina hiyo chumbani kwa mwanafunzi, ila vyuo vingine havijaacha. Unatakiwa pia kuinua karatasi yako ya kufanyia hesabu, pande zote mbili, waone ni tupu. Ikishajaa hesabu, hakuna anayeitaka. Wanaiamini karatasi ikiwa haina kitu.

Sisemi kozi za mtandaoni zifutwe. Bila hizo mimi nisingesoma, kwa sababu darasa la saa nne asubuhi lilikuwa linanikuta nimetoka kazini na macho yamevimba. Kompyuta pia haichoki kukuletea swali la ishirini, wala haikucheki mbele ya wenzako. Kwa mazoezi ni nzuri. Kwa kusahihisha mtu mzima anayejifunza, haitoshi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwanza kama programu yako ya masomo inaitaka College Algebra kweli. Baadhi ya vyuo hukubali takwimu badala yake, kutegemea unasomea nini. Kama inatakiwa, mwandikie mwalimu barua pepe ukiwa hujajisajili: je, mitihani tunaandika kwa mkono na kupakia picha, au ni visanduku tu? Wapo walimu wanaosoma kazi ya mkono hata katika kozi ya mtandaoni, na darasa la mmoja wao hata likiwa na saa mbaya, lichukue hilo. Ukikosa, tumia kituo cha msaada wa hesabu cha chuo, kwa kawaida hakidai malipo ya ziada, na uwapelekee daftari, si picha ya skrini.

Daftari lenyewe linataka maswali. Kitabu cha College Algebra cha OpenStax, mradi wa Rice University ulioko Houston, unakipakua bure, na majibu ya maswali ya namba witiri yako nyuma. Fanya hayo kwa kalamu, mstari chini ya mstari kama ulivyofundishwa, kabla hujagusa kisanduku. Ukiwa na dada au jirani aliyesoma hesabu, mpe asahihishe kwa kalamu nyekundu, M1 na A1 zake pembeni. Mimi huwatoza chai.