Viwanja vidogo vya ndege vinakufa, ila sio vyote vya kulilia

Kuna viwanja vya ndege ambavyo wengi wetu hatutakaa tuvione, kipande cha majani au changarawe cha mita kama 500 hivi, hakuna jengo wala mnara, na kabla ndege haijatua lazima mtu afukuze ng'ombe kwanza. Wakulima wa mbali wamevitegemea miaka na miaka, na sasa vinafungwa kimoja kimoja.

Wanaosema viachwe vife wana hoja, tusiwabeze. Piga hesabu tu. Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, ikijaa inabeba kilo 400 mpaka 500 hivi, na kiwanja kikiwa juu mlimani kwenye joto inapungua zaidi. Gunia la kahawa ni kilo 60, yani hapo unaongelea gunia saba au nane, mzigo ambao pikapu moja inaumaliza. Petroli ya hizo ndege nayo ni ghali na wanaoiuza ni wachache. Kwahiyo barabara ikishafika mkulima haulizi mara mbili, na hakuna mwenye akili zake atakayesafirisha mahindi kwa ndege. Marekani walipoyaachia mashirika ya ndege soko huria mwaka 1978 wakaweka ruzuku ili miji midogo isikose ndege, ilikuwa iwe ya miaka 10 tu, mpaka leo ipo, na baadhi ya hiyo miji watu wanaona bora waendeshe gari mpaka uwanja mkubwa wa jirani huku kindege cha ruzuku kinaruka na viti vitupu. Hapo hata mimi nasema hela inachomwa.

Ila sasa njoo Papua New Guinea, nchi ya milima kaskazini mwa Australia, uone hiyo hesabu inavyogoma. Mpaka leo mji mkuu Port Moresby haujaunganishwa kwa barabara na nyanda za juu kahawa inakolimwa, na huko milimani kuna vijiji viwanja vyao vilichimbwa kwa mikono enzi za wamisionari na maofisa wa kikoloni wa Australia, vingine vimelala kwenye mteremko kabisa, unatua ukipanda unaruka ukishuka. Baada ya uhuru wa 1975 vingi vimekufa, na sio kwamba barabara ilifika, hapana, ni majani hayakukatwa na mitaro ikaziba, rubani akiona tope anagoma kutua, ndege zikipungua nauli inapanda, wateja wanapungua, basi hata yule wa kufyeka anaona anafyekea nani. Kahawa inaozea ghalani na mwalimu aliyepangiwa huko haendi.

Alafu kuna la wagonjwa. Huko Australia madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege walianza 1928 kwenye mji mdogo wa Cloncurry na mpaka leo wanatua kwenye viwanja ambavyo wenye mashamba wanavitunza wenyewe. Kiwanja kama hicho huwezi kukipima kwa tiketi zilizouzwa. Najua mtu atasema droni, vindege visivyo na rubani, zipo, na kweli Rwanda zinapeleka damu hospitalini tangu 2016, safi sana, lakini droni haimbebi mama aliyekwama kujifungua, wala hayo magunia.

Kwa maoni yangu tunachanganya vitu viwili, ruzuku ya safari na matunzo ya kiwanja. Safari ni gharama kubwa, na penye barabara inayopitika mwaka mzima, mvua na jua, sioni sababu ya kuilipia. Kufyeka, kuzibua mitaro na kuziba mashimo ni kazi ambayo wanakijiji wakilipwa kidogo wanaimaliza, na pasipo na barabara ningeanza na hilo kabla ya kuongelea ndege. Maana kiwanja kikiachwa misimu miwili mitatu watu wanapanda mazao, wanajenga, na kukirudisha unahitaji ukaguzi upya, kibali upya na ugomvi wa ardhi juu.