Feni ya Babu Ilivyomvisha Mjomba Jezi ya Simba

Feni ile ilikaa uvunguni mwa kitanda cha mama miaka mingi hadi tukaizoea kwa jina la Mgonjwa. Ukitaka kufagia chumba, kwanza umsogeze Mgonjwa, na Mgonjwa mwenyewe chuma kitupu: kitako chuma, mota chuma, wavu wa waya mnene, mapanga manne. Mtu mmoja anaweza kuinyanyua, ila kesho yake asiulizwe mgongo.

Ilikuwa ya babu. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge hapa Tanga. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 meneja wake Mzungu akafunga mizigo, akaitazama feni, akatazama safari iliyo mbele yake, akamwachia karani. Kibati cha nyuma bado kinasomeka: Made in England, volti 230. Mama anasema babu alikuwa akiiwasha Ijumaa tu, baada ya sala, na watoto wanakaa mbele yake kwa zamu.

Mimi kuifufua haikuwa kwa mapenzi ya urithi, niseme ukweli. Ni joto la Ngamiani mwezi wa pili, na feni yangu ya plastiki ilikuwa imevunjika shingo, inapuliza miguu tu.

Nikaipandisha Bajaji hadi kwa fundi mmoja mzee anayesuka mota. Akaivua wavu, akashika waya wake, ule wa zamani wenye kitambaa, ukamvunjikia mkononi kama kaukau.

"Uliiwasha?"

"Hapana, mzee."

"Ungeiwasha, saa hizi tungekuwa tunakula ubwabwa wako."

Akaweka waya mpya wa nyuzi tatu, wa tatu akaufunga kwenye mwili wa feni, maana chuma kikishapata umeme hakiulizi nani mwenye nyumba. Akasafisha bushi, akadondoshea oili ya cherehani, akawasha. Kimya kabisa! Karatasi zake za risiti zikahamia barabarani, ndipo tukajua inafanya kazi.

"Na rangi?" akauliza.

"Rangi nitapaka mwenyewe."

Alinitazama kama daktari aliyeombwa sindano na uzi na mgonjwa anayetaka kujishona. "Basi mapanga yaache. Ukishindwa kuyaacha, paka nyembamba, yote manne yalingane. Halafu ikae siku tatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi kulikuwa na Simba na Yanga. Nikapiga hesabu, nikaona mafundi nao huongeza siku kama wanavyoongeza bei. Mbili zinatosha.

Mpango wangu ulikuwa mmoja: feni ya babu ivae jezi ya Simba, marafiki waje kutazama mechi kwangu, wapepewe na ubingwa. Nikaanza kupiga msasa mapanga. Rangi ya kijivu ikatoka, kutu sikuiona, badala yake pakatokea kitu cha manjano kinang'aa. Moyo ukanipasuka. Manjano! Ndani ya nyumba yangu, wiki ya mechi! Nikakifunika harakaharaka kabla jirani hajaona.

Mapanga mawili yanayofuatana mekundu, mawili meupe. Kitako chekundu, wavu mweupe. Rangi ya mafuta, brashi ya inchi mbili, mikono mitatu, wa mwisho Ijumaa usiku kwa mwanga wa simu. Mapanga mekundu niliyapenda zaidi, nikayaongezea mkono wa nne. Asubuhi nikagusa kwa kidole, haikushika. Sikujua kwamba rangi ya mafuta hukauka ngozi kwanza. Ndani bado uji.

Jioni watu wakajaa sebuleni. Wa mwisho kuingia alikuwa mjomba, kaka yake mama, Yanga wa kuzaliwa, ametoka kwenye harusi na kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi hadi inatoa sauti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na hiyo Simba yenu iniamkie pia. Yanga 1935, Simba 1936. Mdogo ndiye anayetoa shikamoo."

Kwa heshima nikampa kiti kikubwa, kile kilicho ubavuni mwa meza ya feni. Kiti hicho mkikumbuke.

Nikasimama, nikatoa hotuba fupi kuhusu babu, nikawasha namba moja.

Jamani, mliosoma sayansi mbona hamkuniambia? Nyekundu na nyeupe zikizunguka pamoja hazibaki nyekundu na nyeupe. Mapanga yakashika kasi, jezi ya Simba ikayeyuka mbele ya macho yetu, pakabaki sahani moja ya waridi, laini, kama keki ya kipaimara.

Kimya. Kisha mjomba akauliza kwa upole, "Hii ni timu gani?"

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Ala! Kumbe umenifananishia na mapazia yangu. Ahsante, mwanangu."

Vicheko vikaangusha mtu mmoja kutoka kwenye mkeka. Mimi, kwa hasira, nikafikiri labda ikienda kasi zaidi rangi zitajirudi (msiniulize nilifikiriaje), nikabonyeza namba tatu.

Hapo mkono wa nne ukajibu. Mapanga mekundu yalikuwa mazito kuliko meupe, feni ikaanza kutetemeka, halafu ikaanza kutembea. Kweli kabisa, ilitembea juu ya meza hatua fupifupi, kama mzee anayewahi basi, ikielekea kwenye televisheni. Nikairukia. Kabla sijaifikia, ngozi ya rangi ikapasuka na uji ukatoka.

Sasa, feni inapuliza upepo mbele, ila kilicho juu ya mapanga hurushwa pembeni. Waliokaa mbele walipata upepo mzuri mno. Aliyekaa pembeni ni mmoja, yule niliyempa heshima. Mstari mwekundu ulianzia ukutani, ukapanda hadi dari, ukashuka upande wa pili, ukapita katikati ya kanzu kutoka begani hadi magotini.

Nikachomoa plagi. Mjomba akajitazama. Nyeupe, na nyekundu.

"Mjomba," akasema rafiki yangu mmoja ambaye hana adabu, "karibu Msimbazi."

Matokeo ya mechi siyataji. Waliokuwepo wanayajua.

Kanzu nilimnunulia mpya. Feni nikairudisha kwa fundi, naye alipoyaona mapanga akavua miwani. "Kijana, hii ni shaba! Watu wanaitafuta, wewe umeipaka rangi ya mlango?" Akayasugua siku nzima kwa thina, akatoa rangi, akayang'arisha. Sasa Mgonjwa yuko sebuleni, anazunguka bila kutikisika, manjano tupu. Mjomba akija, kwanza anasogeza kiti mbele, ndipo anakaa, anamtazama kwa muda mrefu.

"Marehemu baba alikuwa Yanga," anasema.

Ile kanzu ya zamani mama aliiloweka kwenye mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha mafuta ya taa tena. Rangi ikakataa kutoka, ikaamua kusambaa. Ametoa foronya mbili. Zinaendana kabisa na mapazia.