Jinsi Nilivyoendesha Matatu kwa Shilingi Ishirini

Rafiki yangu ni fundi wa amplifaya pale mtaa wa Luthuli, Nairobi, na kwa miaka yote ya urafiki wetu hatujawahi kukubaliana juu ya albamu hata moja. Tunapenda muziki uleule, roki ya progresivu na metali, ule ambao ukiuwasha nyumbani jirani anabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Lakini ndani ya dini hiyo moja kila mtu ana dhehebu lake.

Yeye ni wa agano la kale. Kwake muziki ulikamilika 1972, bendi ya Yes ilipotoa albamu ya Close to the Edge: nyimbo tatu tu, na wa kwanza unajaza upande mzima wa santuri, dakika 18 na ushee. Vilivyofuata vyote ni makombo. Metali anaikubali kwa masharti. Chukua Opeth, wale Waswidi. Mimi nasema kilele chao ni Blackwater Park ya 2001, pale Mikael Åkerfeldt anapoimba kwa upole kama anabembeleza mtoto, halafu ghafla ananguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Mwenzangu hataki kusikia. Yeye na Damnation ya 2003, isiyo na mngurumo hata mmoja. Nilimwambia hiyo ni pilau isiyo na viungo. Akanijibu kwamba ndiyo albamu pekee ya Opeth ambayo mkewe haizimi, na hoja hiyo sijaipatia jibu mpaka leo.

Bendi ya Dream Theater hatuizungumzii tena. Tulijaribu mara moja, kwenye matanga, tukaombwa tukasimame nje.

Ugomvi wetu mkubwa, ule uliokuja kunitoa pesa mfukoni, ni bendi ya Tool na albamu yao Lateralus ya 2001. Fundi huiita "kelele zenye hesabu". Mimi namwambia hesabu ndiyo utamu wenyewe. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, mwimbaji anapanga silabi zake kwa ngazi: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Baada ya nane anashuka tena, tano, tatu, kama mtu aliyesahau funguo juu ghorofani.

"Hakuna anayesikia hayo," fundi alisema. "Mnasoma mahali halafu mnajidai mmesikia."

Ilikuwa Ijumaa jioni, tumepanda matatu ya Buruburu, na redio ya gari ilikuwa imekufa. Hilo si jambo dogo. Matatu ya Nairobi isiyo na muziki ni kama msiba: watu wanasikia mawazo yao wenyewe na hawayapendi. Fundi alikuwa amekumbatia amplifaya ya mteja mapajani, akiitazama ile redio kwa macho ya daktari aliye likizo. Mimi nilikuwa kiti cha mlangoni. Makanga alikuwa amezama huko nyuma, anabishana na abiria juu ya chenji ya shilingi kumi.

"Husikii kwa sababu hutaki," nikamwambia. "Hebu nikugongee."

Nikatoa sarafu ya shilingi 20.

Sasa, kila aliyekulia Nairobi anajua lugha ya makanga. Akigonga bodi mara moja, simama. Mara mbili, twende. Hata mimi najua. Nimeijua kabla sijajua kusoma. Lakini mtu akishaanza kutetea albamu, akili yake huwa imeshuka steji iliyopita. Nikafumba macho ili niupate wimbo vizuri, nikaegemea lile bomba la chuma mlangoni, ambalo lilikuwa limechubuka rangi pale pale ambapo makanga hugonga kila siku. Lilitoa mlio safi kama kengele ya shule.

Moja.

Dereva akafunga breki katikati ya Jogoo Road, tumeipita City Stadium punde tu. Sikushtuka. Matatu kusimama mahali pasipo na steji ni habari gani hapa mjini? Nyuma yetu honi zikaanza. Hakuna aliyeshuka.

Moja.

"Nimesimama!" dereva akafoka. "Mshushe basi!"

Mbili. Gari likaruka mbele kwa hasira.

Tatu.

Tatu sikuwa naijua. Hiyo nilikuja kuelezwa baadaye, nikiwa nimeshikwa kola: katika gari lile, tatu maana yake ni makarao, yaani polisi, wako mbele. Dereva hakuuliza. Alikata kushoto kama aliyeitwa na mamake, tukaingia njia ya panya kuelekea Maringo, vibanda vinapita dirishani, kuku wanatafuta usalama wao. Mzee aliyekuwa anasoma gazeti akajikuta analisoma akiwa amelikalia. Na mimi, macho yamefumba, moyoni najisifu kwamba ubeti unakwenda vizuri kweli.

Tano.

Tano haina maana kwa dereva yeyote wa matatu, kwa hiyo huyu wetu aliigawa kadiri alivyoelewa. Mbili, twende. Mbili nyingine, twende zaidi. Na ile moja iliyobaki, simama. Akasimama juu ya tuta, magurudumu ya mbele yameshavuka na ya nyuma bado.

"Umeona?" nikamuuliza fundi. "Unasikia inavyopanda?"

Fundi hakujibu. Alikuwa ameivalisha amplifaya koti lake na kuilalia juu kwa kifua. Kwa kuwa kimya chake nilikichukua kuwa ni kuelewa, nikamalizia. Nane. Nane kwa hesabu ya dereva ni twende mara nne.

Kilichonifumbua macho ni ukelele wa mama aliyekaa kiti cha nyuma yangu. Alikuwa amepakata trei ya mayai. Sasa trei ilikuwa inanipakata mimi: begani, sikioni, na yai moja zima kabisa limetulia kwenye kofia ya jaketi langu kama limerudi kwao.

"Wee makanga!" dereva akapiga kelele, gari limesimama upande upande karibu na soko la Jericho. "Unanigongea nini leo? Umekunywa?"

"Mimi sijagonga!" makanga akajibu kutoka nyuma, bado ameshika ile shilingi kumi.

Gari zima likageuka. Sarafu ilikuwa bado mkononi mwangu, na mkono bado uko kwenye bomba.

Makanga alinijia polepole, na nilichokiona usoni kwake hakikuwa hasira. Kilikuwa woga. Akaniinamia, akanong'ona, "Hiyo tatu nani amekuambia?"

"Mwitaliano mmoja," nikasema, maana ndiyo kweli yenyewe. "Fibonacci, wa Pisa. Namba hizo aliziandika kitabuni mwaka 1202, alikuwa anahesabu sungura wanavyozaana."

Kimya.

"Sungura," makanga akarudia, akimtazama dereva.

"Muulize ni wa trafiki ama ni wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri," dereva akasema.

Fundi angeweza kuniokoa hapo kwa sentensi moja. Badala yake akatazama dirishani kama mtu anayeona Jericho kwa mara ya kwanza maishani. Ilibidi nijieleze mwenyewe, mbele ya abiria wote, kwamba kuna bendi ya Marekani, kuna wimbo, kuna silabi. Nilipofika kwenye silabi, mzee wa gazeti akatikisa kichwa, akasema, "Kijana, mimi nilisikiliza benga miaka yote na sijawahi kuvunjia mtu yai."

"Huyo Mwitaliano aje alipe," dereva akaamua.

Mama mwenye mayai hakuwa na haja na Mwitaliano. Alikuwa ameinama anahesabu, anatenga mazima na yaliyopasuka, ananinyang'anya na lile la kwenye kofia baada ya kulipangusa kwa leso. Akahesabu mara mbili, maana hakuwa mtu wa kudhulumu. Kisha akainuka.

"Mayai kumi na matatu."

"Hii matatu moja tu imetushinda," mtu akasema kutoka nyuma, "sasa kumi na matatu!"

Gari likaangua kicheko. Lakini mimi nilikuwa namtazama fundi. Aligeuka kutoka dirishani taratibu. Midomo ilikuwa inahesabu bila sauti. Tano na nane. Akahesabu tena kwa vidole juu ya amplifaya, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia kitu kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Ala!" akasema. "Kumbe ni kweli."

"Kweli gani?" mama akamuuliza, mkono bado umenyooshwa kwangu. "Ni wewe unayelipa?"

Fundi akarudi dirishani.