Futiboli ya Kimarekani Nchini Japani: Faida na Hasara ya Kulelewa Chuoni

Tarehe 29 Novemba 1934, vijana waliokusanywa kutoka vyuo vikuu vya Rikkyo, Meiji na Waseda waliingia katika uwanja wa Meiji Jingu jijini Tokyo na kuicharaza timu ya klabu ya wageni kutoka nje waliokuwa wakiishi Yokohama pointi 26 kwa 0. Aliyewaunganisha alikuwa Paul Rusch, mmisionari Mmarekani na mwalimu wa Rikkyo, aliyefika Japani mwaka 1925, baada ya tetemeko kubwa la Kanto. Futiboli ya Kimarekani ya Japani, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, huhesabu umri wake kuanzia hapo, na hadi leo watu hutofautiana iwapo malezi ya chuo yaliukuza mchezo huo au yaliudumaza.

Wanaoyasifu malezi hayo wana hoja nzito. Wengi wa wachezaji wa mwanzo walikuwa Nisei, watoto wa Wajapani waliohamia Marekani, ambao walikuja kusoma katika nchi ya wazazi wao na kuonekana humo kama wageni. Timu iliwapa jambo ambalo wao ndio waliolijua, na kwa maoni yangu sifa anayomiminiwa Rusch, ingawa anaistahili, imewafunika mno vijana hao. Tena, vita vilipomfukuza Rusch mwaka 1942 na mchezo ukasimamishwa mwaka uliofuata, ni vyuo vilivyobaki na watu wa kuurudisha: kufikia Aprili 1947 Keio na Doshisha walikuwa tayari wanakutana katika fainali ya kwanza ya Koshien, mechi ya ubingwa wa vyuo.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Chuoni, kocha ana sauti ya mwisho na mdogo humtii mkubwa wake bila kuuliza, na madhara yake yalionekana tarehe 6 Mei 2018, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Nihon alipomkumba kwa nyuma mrushaji mpira wa Kwansei Gakuin, ambaye alikuwa ameshauachia mpira na hakuwa amejihami. Wiki mbili hivi baadaye kijana huyo aliyemkumba mwenzake alijitokeza mbele ya waandishi wa habari, akainama kuomba radhi, akaeleza kwamba alielekezwa na makocha. Makocha walikana na waendesha mashtaka hawakuwashtaki, lakini shirikisho la mchezo huo la vyuo vya Kanto, eneo la Tokyo, lilikuwa limekwisha kuwafukuza wawili kati yao. Hata kama amri yenyewe itabaki na ubishi, mazingira ambamo kijana anaamini kwamba hawezi kukataa ni kosa la wakubwa.

Kuhusu kiwango cha mchezo sina mengi ya kusema: kuanzia mwaka 1984 mabingwa wa vyuo walipambana na mabingwa wa timu za makampuni katika Rice Bowl, mechi ya kila mwaka ya kumpata bingwa wa taifa, hadi pengo lilipokuwa kubwa kiasi cha kuhofiwa usalama wa wanafunzi, na utaratibu huo ukakoma baada ya mchezo wa Januari 2021.

Kwangu mizani inaelemea upande wa vyuo, kwa sababu bila wao mchezo usingevuka vita, ila kwa sharti moja zito. Desemba 2023, Nihon iliamua kuivunja timu yake, iliyoanzishwa mwaka 1940, kutokana na kesi za bangi miongoni mwa baadhi ya wachezaji. Chuo kilikuwa na wajibu wa kuchukua hatua kali. Hata hivyo, wachezaji wasio na hatia nao walipoteza timu kwa uamuzi wa uongozi ambao wao hawakuwa na kura ndani yake. Vyuo vitakavyoendelea kuulea mchezo huu vinapaswa kuwapa wachezaji sauti katika maamuzi ya namna hiyo.