Chuma kinachokubali kukunjika

"Magari ya siku hizi ni makaratasi." Lalamiko hili husikika kila gari jipya linapopondeka pua. Walalamikaji wameona sawa, ila hawajapiga hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta na kusimama ndani ya sentimita 10, abiria aliyefunga mkanda hubanwa kwa nguvu ya wastani inayokaribia mara 100 ya uzito wake. Pua ikikunjika sentimita 60, nguvu hiyo hushuka hadi mara 16 hivi.

Springi isingefaa, maana hutunza nishati kisha huirudisha, gari likarushwa nyuma. Chuma kikishakunjika hakirudi. Nishati imeishia kwenye mikunjo, ikawa joto. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alilijua hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: mbele na nyuma palegee, chumba cha abiria kiwe kigumu. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Iliyobomoka hadi kwa dereva ni ile kongwe, "ya chuma hasa".

Lakini wapinzani wangekuwa na hoja nzito zaidi kama wangeacha kuzungumzia wembamba wa bati. Bomba la chuma, kama zilivyo boriti za mbele za gari, likigongwa kichwani hujikunja kama kinanda cha mkono, mkunjo baada ya mkunjo. Likigongwa kwa mshazari hupinda katikati, na nishati linayomeza ni kidogo. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili nishati huwa mara nne, wakati pua ni ileile.

Kubwa kuliko yote, kinga hii hutumika mara moja. Miguu ya chombo cha Apollo kilichotua Mwezini ilikuwa na masega ya alumini ya kupondeka, na ilitosha, kwani kila chombo kilitua mara moja tu. Gari hugongwa, hutengenezwa, huuzwa, hugongwa tena. Watengenezaji wengi huweka nyuma ya bampa vikasha vya kupondeka vilivyofungwa kwa boliti, ili mgongano mdogo umalizwe kwa kubadilisha kikasha. Ila boriti kuu iliyokunjika, ikanyooshwa kwa nyundo na kupigwa rangi, haitajikunja tena kama ilivyokusudiwa, na mnunuzi haoni kitu. Gari la namna hiyo mimi silinunui, hata ling'are vipi.