Katoni 300 za Persongo

Embe zetu za Mkuranga huuzwa Muscat, kwa mzee mmoja Mwomani aliyekulia Unguja. Bosi akamwandikia barua ndefu ya Kiingereza: bei, ubora, masharti ya malipo. Ikabaki kupitiwa na kijana wetu wa ofisi.

Kijana huyo alishaamsha ukaguzi wa lugha jumuishi, yaani isiyobagua mtu, kwenye Word: File, Options, Proofing, kisha Settings, unashuka hadi Inclusiveness. Vijisanduku vile kwa kawaida havina tiki. Yeye aliviwekea vyote. Basi kila "chairman" na "salesman" ikapigiwa mstari, pembeni imependekezwa "chairperson" na "salesperson". Ni ushauri tu, unakubali au unapuuza.

Akaona kubofya mmoja mmoja atakesha. Akabonyeza Ctrl+H, kikafunguka kidirisha cha Replace cha kubadilisha maneno, juu akaandika man, chini person, akapiga Replace All. Akasevu, akafunga, akatuma PDF.

Kesho yake simu ikalia.

"Mwanangu, hii Operson iko wapi?"

"Ipi hiyo, Ami?"

"Humu mmeniandikia: Dear Mr Suleiperson, Muscat, Operson. Na hizi persongo ni tunda gani? Maana forodha ya huku wataniuliza."

Nikaifungua. Mango zote zilikuwa persongo. Meneja wetu ni Personager. Shehena inasafiri na cargo personifest, na malipo ni on depersond. Chairperson na salesperson, lazima niseme, walikaa vizuri kabisa.

Replace haijui neno, inajua herufi. Ikikuta m-a-n popote inakata. Na kwa kuwa Match case haikuwekwa tiki, inafuata ukubwa wa herufi iliyokuwepo, ndiyo maana Persongo ya mwanzo wa sentensi ilikuja na P kubwa, imejipanga kama tunda halali. Dawa iko chini ya kitufe cha More: Find whole words only. Ila ukiiweka, "man" haitaigusa "chairman", kwa hiyo unatafuta "chairman" nzima, kisha "salesman" nzima, kila moja kwa zamu yake. Hakuna njia ya mkato. Marekani mwaka 2008 tovuti moja ya habari iliachia mashine ibadilishe "gay" kuwa "homosexual", na mwanariadha Tyson Gay akatangazwa mbioni kama Tyson Homosexual.

Ctrl+Z ingetuokoa kama faili lisingefungwa. Version History, inayotunza matoleo ya nyuma ya faili, nayo ingesaidia kama barua ingehifadhiwa OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft. Ilikuwa kwenye flashi. Kijana akatoa wazo: turudishe, person iwe man. Kabla sijamzuia akashapiga. Embe zikarudi, Oman ikarudi, lakini "personal" ikawa "manal", "personnel" ikawa "mannel", na Chairman akarudi na mstari wake chini. Ikabidi nishike Find Next, neno baada ya neno, huku bosi amesimama nyuma yangu akihema.

Barua safi ikaenda. Ila Ami alishatuma oda kwa kunakili ile ya kwanza: Persongo, grade one, katoni 300. Sisi tukatoa ankara ya mango. Benki ikazirudisha karatasi zote, eti bidhaa hazifanani.

"Andika ankara upya," bosi akaniambia. "Weka persongo."