Anne wa Bretagne asomwapo Katuba

Vitabu viliingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, vitatu pamoja, vimefunikwa na unga wa mahindi ndani ya mfuko. Binti wa mama mdogo alinunuliwa vitabu hivyo na kaka yake huko Lusaka, na tangu siku hiyo bukari (ugali) imeungua nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, zaidi ya mara moja. Ni trilojia ya Robin LaFevers, His Fair Assassin, iliyotoka kati ya 2012 na 2014. Wasichana wanalelewa na watawa wanaomtumikia Mortain, mungu wa kifo, wanafundishwa sumu na visu, kisha wanatumwa kumlinda Anne, mtawala mtoto wa Bretagne, asimezwe na Ufaransa. Kila kitabu kina msichana wake, na kila msichana ana mpenzi wake.

Baba mkubwa, aliyefundisha historia mpaka chaki ikamkausha koo, alisoma kurasa arobaini akakirudisha kitabu mezani. "Bubeshi," akasema, yaani uongo. Kwake, kijana wa Lubumbashi asiyeweza kueleza Msiri, mfalme wa hapa Katanga, alikufaje hana sababu ya kuhangaika na vita vya Bretagne, tena kupitia watawa wauaji. Binti naye anaapa kwamba wiki tatu za kusoma zimemfundisha zaidi kuhusu Ufaransa ya karne ya 15 kuliko mwaka mzima wa kunakili ubaoni. Nikavisoma vyote vitatu nione nani ana haki. Wote wanayo, ila si mahali wanapodhani.

Uchawi nitaupita haraka. Baba mkubwa anaogopa vijana watachanganya miujiza na matukio, lakini sijakutana na msomaji wa miaka kumi na sita anayeamini kwamba Kifo huzaa mabinti kwa wanawake wa kijijini. Muujiza hujitangaza wenyewe. Uongo unaopita mlangoni bila hodi ni ule uliovaa nguo za kawaida, na huo nitaurudia.

Kuhusu mapenzi, nilikuwa upande wa baba mkubwa. Niliona ni sukari ya kuuzia kitabu. Halafu nikapanga tarehe zenyewe. Baba yake Anne, Francis II, alishindwa na Wafaransa vitani Saint-Aubin-du-Cormier tarehe 28 Julai 1488. Mwezi uliofuata mkataba ukamfunga asiwaoze binti zake bila ridhaa ya mfalme wa Ufaransa. Septemba akafariki, na Anne, mwenye miaka 11, akarithi nchi pamoja na foleni ya waposaji. Desemba 1490 akaozwa kwa wakala kwa Maximilian wa Austria, bwana harusi asiyefika. Wafaransa wakauzingira mji wake wa Rennes. Tarehe 6 Desemba 1491, akiwa na miaka 14, akaolewa na Charles VIII, mfalme wa Ufaransa, yule yule aliyemzingira.

Sasa tazama riwaya inavyogawa mapenzi. Ismae, msichana wa kitabu cha kwanza, anaanza kwa kuuzwa na baba yake kwa mfuga nguruwe, anatoroka, na mwishowe anampata mwanamume aliyemchagua mwenyewe. Wenzake wawili nao wanachagua. Wote watatu ni wa kubuni. Anne, ambaye aliishi kweli, hachagui. Anapima tu ni posa ipi itaigharimu nchi yake kidogo zaidi. Sijui kama mwandishi alikusudia nilione hivyo, lakini mapenzi ya wale watatu ndiyo yanayofanya ukosefu wa uchaguzi wa Anne uumie. Kitabu cha darasani kingesema "ndoa ya kisiasa" na kuendelea na aya inayofuata. Binti wa mama mdogo alilia kwa ajili ya Anne, hakulia kwa ajili ya Ismae. Hapo baba mkubwa ameshindwa, na nilimwambia. (Kitabu cha tatu, hata hivyo, kinajikokota, na mpenzi wa humo sikumkubali hata kidogo.)

Anaposhinda baba mkubwa ni kwa Alain d'Albret.

Katika trilojia huyu ni shetani mwenye ndevu, muuaji wa wake zake mmoja baada ya mwingine. D'Albret aliishi kweli. Alizaliwa 1440, alimtaka Anne akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu naye Anne ni mtoto, na mwaka 1491 aliwauzia Wafaransa mji wa Nantes. Hayo tu yanatosha kumchukia. Lakini maiti za wake zake zimeongezwa. Nilimuuliza binti ni lipi kati ya mambo hayo lilitokea, akajibu bila kusita: yote, ila mungu wa kifo. Hivyo ndivyo ninavyosema kuhusu uongo uliovaa nguo za kawaida. Ameutambua uchawi wote, akameza mauaji ambayo hayakutokea.

Je, kuna aliyeumia? Huko Ufaransa, hapana. Zimepita zaidi ya karne tano. Kilembwe wa d'Albret ni Henri IV, mfalme anayependwa hadi leo, na hakuna atakayekesha kulilia jina la babu. Ndiyo maana mwandishi anaweza kulichezea.

Tuhamishe mchezo huo Katanga, maana hoja ya pili ya binti ni kwamba na sisi tuandikiwe vyetu. Miaka mia nne baada ya harusi ya Anne, mwezi ule ule wa Desemba, Msiri wa Garenganze alikuwa katika hali isiyo mbali sana na ya Anne: nchi yenye shaba, na wageni waliokuja kuipokea kwa karatasi. Novemba 1890 Alfred Sharpe, aliyetumwa kwa ajili ya kampuni ya Mwingereza Cecil Rhodes, aliondoka Bunkeya, makao makuu ya Msiri, bila sahihi yake. Tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ulimwua Msiri. Kapteni Bodson aliyempiga risasi naye akapigwa risasi hapo hapo, na hakupona. Kuna mapenzi pia, au angalau ndoa yenye maswali: mmoja wa wake zake, Maria de Fonseca, alitoka katika familia za wafanyabiashara wa Angola wenye damu ya Kireno. Na uchawi hatuna haja ya kuuazima. Simulizi husema kichwa cha Msiri kilikatwa na kwamba kilimuua kila aliyekibeba. Stairs alifia Chinde, pwani ya Msumbiji, Juni 1892. Vitabu vinasema malaria.

Mchanganyiko huu haukuanza jana mjini kwetu. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu aliichora hapa Lubumbashi historia nzima ya nchi, picha karibu mia moja, nyingine za mambo ambayo hakuna aliyeyaona, akizieleza kwa Kiswahili na kujiita mwanahistoria. Baba mkubwa anamheshimu Tshibumba. Nilipomkumbusha hilo alijifanya anatafuta miwani.

Lakini akapata jibu. "Haya, andika. Nani atakuwa d'Albret wako?" Hapo ndipo penye mwiba. Kwa Bayeke, Msiri ni mwanzilishi, na ukoo wake ungali na kiti Bunkeya. Kwa Basanga, waliomwasi kabla Wazungu hawajamwangusha, ni mgeni aliyekuja kutoka mashariki na kutawala kwa mkono mzito. Ukimpa yeyote kati yao maiti za kubuni, wajukuu watakaozisoma wanapanda basi moja na wewe kila asubuhi.

Nikapendekeza wabaya wapewe majina ya bandia, na majina halisi yabaki kwa matukio yenye ushahidi. Nilidhani nimemaliza. Baba mkubwa akakataa: mbaya asiye na jina la kweli ni mlango wa nyuma wa kutoroka hukumu. "Na Leopold? Naye tumfiche?"

Hapana. Leopold abaki na jina lake. Huyo hahitaji kuongezewa maiti hata moja.